Kopo la Majivu

Wifi yangu alianza kuitwa Malisebo siku ileile tuliyomleta nyumbani, vumbi la njiani bado liko miguuni. Kwetu bibi harusi hupewa jina la mtoto wake wa kwanza kabla hata mimba haijaingia, na wanaolitoa ni ukoo wa mume. Nilikuwepo. Mama yangu alisema, "Ataitwa Malisebo," shangazi zangu wakapiga vigelegele, tukamfunika blanketi, tukala kondoo, basi. Lisebo mwenyewe alikuja kuzaliwa miaka minne baadaye. Miaka minne watu wanamwita mtu mama wa Lisebo, na Lisebo hayupo. Wanawake kisimani walimtania mpaka wakachoka: "Malisebo, huyo Lisebo yuko wapi, kakosa basi?" Yeye anacheka, anajitwisha ndoo yake, anaondoka.

Nasimulia mimi kwa sababu yeye hasimulii. Ukimuuliza habari zake atakwambia "Tupo," halafu akuulize za kwako. Wala mimi si mtu wa hadithi. Mimi ni mlezi wa bweni, kazi yangu ni kufua mashuka na kuhakikisha kila mtoto kalala kwenye kitanda chake. Nitasema ilivyokuwa, nikimaliza nimemaliza.

Lisebo alikuwa mtoto mnene, mtulivu, halii ovyo. Utulivu ule ndio uliotudanganya. Alichelewa kukaa, akachelewa kutembea, na maneno hayakuja kabisa. Mama yangu akasema ataongea akimwona mdogo wake, lakini mdogo hakuja. Kaka yangu Tefo alikuwa ng'ambo ya mpaka, migodini. Anarudi Krismasi, anamtazama mwanawe dakika mbili, anatoka kwenda kutazama ng'ombe.

Alipotimiza miaka sita mama yake alimvisha sare akampeleka shule ya kijijini. Pale ofisini pamebandikwa karatasi ya serikali inayosema hakuna mtoto wa kukataliwa. Na kweli, hawakumkataa. Walimwandika jina, wakamkalisha nyuma kabisa kwenye darasa la watoto sabini na mwalimu mmoja. Baada ya wiki mbili mwalimu akamwambia Malisebo, "Mama, jina lake lipo, usiwe na wasiwasi. Ila mlete mwakani, akue kidogo." Mwakani ikazaa mwakani nyingine. Nasikia jina lilikaa kwenye daftari mwaka mzima, mahudhurio ni vistari vitupu.

Shule ninayofanyia kazi mimi ndiyo ya watoto wa namna ya Lisebo. Iko mjini, saa tano kwa basi kutoka kwetu milimani. Ina vitanda ishirini na vinne, na mlezi ni mmoja, usiku na mchana. Masharti ya kuingia nayajua kwa moyo. Barua ya daktari. Barua ya chifu yenye muhuri. Mtoto asiwe ametimiza miaka kumi na moja siku shule inapofunguliwa Januari. Halafu sharti la mwisho, ambalo ndilo huwaangusha wengi: aweze kwenda chooni peke yake. Akiwa na hayo yote anakuja wiki moja ya majaribio, mlezi anajaza fomu, na fomu ndiyo inayoamua. Watu hulilalamikia hilo sharti la choo, wananiambia sisi hatuna huruma. Nami nawauliza, mikono yangu ni mingapi?

Lisebo alipofika miaka saba nilikwenda likizo, nikamwambia Malisebo ukweli.

"Mfundishe choo, wifi. Mengine yote ni karatasi, na karatasi zinatafutwa."

"Atajifunza."

"Huyu? Ana kichwa kigumu huyu."

"Kichwa kigumu kakitoa kwenu," akasema. "Kwetu sisi tuna vichwa vya kawaida."

Tulicheka sana siku ile.

Choo chetu ni cha shimo, cha mawe, kiko nyuma ya zizi. Lisebo alikiogopa, giza na lile shimo. Ukimwingiza anapiga kelele mpaka mbwa wanaitikia. Malisebo aliung'oa mlango, akatundika blanketi kuukuu ili mwanga upite, akatengeneza boksi la mbao la kukalia lenye tundu dogo. Kila siku baada ya uji anampeleka, mchana anampeleka, jioni anampeleka. Anachuchumaa mbele yake, anaimba, anangoja. Juni na Julai kwetu kuna barafu kwenye majani, ndoo ya maji inaganda juu, na yeye yuko pale kachuchumaa. Mwaka mzima hakuna kitu. Mtoto anatoka chooni mkavu, anajikojolea mlangoni. Majirani walikuwa wakipita na kutikisa vichwa, na mimi pia, moyoni, nilishakata tamaa.

Kilichomkomboa ni majivu. Mama yangu ana sheria yake nyumbani: ukimaliza haja, unamwaga kopo moja la majivu shimoni, kuua nzi na harufu. Sisi tunapikia mavi ya ng'ombe yaliyokaushwa, kwa hiyo majivu hayakosekani, ndoo yake inakaa pale pale chooni. Siku moja Lisebo aliona mama yake anamwaga. Yale majivu yanavyoteremka, laini, bila sauti, na kamoshi kanapanda kidogo. Alicheka kwa sauti. Malisebo akaona njia. Ukienda haja unamwaga majivu, usipokwenda humwagi. Ndani ya miezi miwili mtoto alikuwa anakwenda. Alipofika miaka minane na nusu alikuwa anakwenda peke yake, anajipangusa, anamwaga kopo lake, ananawa, anarudi. Hakukosea hata siku moja. Mgeni akiingia akasahau kumwaga, Lisebo anaingia nyuma yake anammwagia. Mama yangu akawa anasema, "Katika ukoo huu wote, huyu ndiye peke yake aliyewahi kunisikia."

Jirani mmoja alimtania Malisebo kisimani, "Mwanao mbona mikono myeupe, anaoka mikate huko chooni?"

"Anaoka. Njoo uonje."

Hapo ndipo nilipojua kwamba wifi yangu ana furaha.

Kitanda kilipatikana Novemba, Lisebo ana miaka kumi. Angetimiza kumi na moja mwezi wa pili, kwa hiyo Januari hiyo ilikuwa ya mwisho. Kitanda namba kumi na nne, msichana aliyekilalia alichukuliwa na baba yake. Nilimwambia mwalimu mkuu wetu, Mwalimu Ramone, kwamba kuna mtoto wa kaka yangu, na kama haifai mimi nimjazie fomu basi atafutwe mtu mwingine. Akasema, "Mtu mwingine yupi, Mathuso? Mlezi ni wewe. Andika unachokiona." Malisebo alikaa siku mbili kwenye foleni ya daktari. Kwa chifu muhuri ulikuwa umekauka wino, akaulowesha kwa chai, alama ikatoka ya kahawia lakini inasomeka.

Malisebo akaja na Lisebo Jumatatu. Pale ofisini wakamuuliza jina la mzazi, akasema Malisebo. Karani akasema, "Hapana mama, la kuzaliwa, lile la kwenye kitambulisho." Malisebo akanitazama mimi. Nami nilikuwa nimelisahau, wallahi. Ilimchukua muda kidogo. Akasema, "Keneuoe," na karani akamwomba alirudie.

Bwenini nilifungua mzigo wa Lisebo. Magauni mawili, blanketi, mafuta ya kupaka, kopo la maziwa ya unga lenye mkono wa waya. Na mfuko wa plastiki uliofungwa mafundo matatu. Nikaufungua. Majivu.

Nilicheka. Nasema ukweli wangu, nilicheka.

"Wifi, umetoka huko kote na majivu? Hapa choo ni cha kuvuta. Maji yanakuja yenyewe."

"Atayatafuta."

"Atazoea."

"Mathuso, basi niachie hata nusu. Wiki moja tu."

"Majivu na bomba haviendani. Mimi miaka kumi na moja nasugua vyoo hivi, wewe ndiyo unifundishe?"

Kwetu dada wa mume habishiwi. Nilitoka nikayamwaga nyuma ya chumba cha kufulia, upepo ukayachukua, mengine yakanirudia kwenye aproni. Kopo nikaliacha, maana alikuwa amelikumbatia. Malisebo alimfunga mtoto vifungo vya gauni, akamwonyesha choo kilipo, akavuta maji mara mbili mbele yake ili asiyaogope. Kisha akaenda stendi.

Jumatatu jioni Lisebo alikwenda chooni mwenyewe. Nilisimama mlangoni na fomu yangu. Alikaa, akamaliza, akajipangusa. Akanyanyuka na kopo lake, akatazama kushoto, akatazama kulia, akatazama nyuma ya mlango. Halafu akanijia, akaninyooshea kopo.

"Hakuna, mwanangu. Vuta maji. Hivi."

Nikavuta. Akatazama maji yanavyozunguka, akaninyooshea kopo tena. Alikaa amesimama vile mpaka kengele ya chakula.

Jumanne alibana. Kutwa nzima hakwenda, jasho linamtoka usoni, anatembea huku na huku. Nilimwona. Nilikuwa na watoto ishirini na watatu wengine, mmoja wao ana homa. Nikasema atazoea.

Jumatano asubuhi nilikuwa naanika mashuka. Lisebo alikwenda chooni, akafanya haja yake, akatoka nje hadi kwenye bustani ya mbele ambako mwalimu mkuu kapanda maua. Akajaza kopo udongo, akarudi, akamwaga. Akanawa mikono. Sikumwona. Halafu, kwa kuwa ndivyo alivyofundishwa nyumbani, kila mtoto aliyetoka chooni yeye aliingia nyuma yake akammwagia. Vyoo ni vinne. Watoto wamekunywa uji, wanakwenda na kurudi, na yeye anakwenda bustanini na kurudi, mwenyewe, hasumbui mtu. Baadaye tuliona bustani imechimbwa shimo la kulaza mbuzi.

Nilijua pale maji yalipofika kwenye korido. Vyoo vyote vinne vimeziba, watoto wanavuta, maji machafu yanapanda, yanamwagika, yanaingia bwenini chini ya vitanda. Magodoro mawili yalilowa. Lisebo alikuwa amesimama katikati ya maji yale, kopo mkononi limejaa, anasubiri zamu ya choo cha mwisho. Mikono yake haikuwa na uchafu. Alikuwa ametoka kunawa.

Mwalimu Ramone alikuja na viatu vyake vizuri. Akauliza, "Nani huyu?"

"Ni wa majaribio."

"Wa kaka yako?"

"Ndiyo, Mwalimu."

Mafundi walikuja, wakachimba bomba mpaka jioni, watoto wakawa wanapelekwa vichakani mmoja mmoja. Alhamisi nilitoka nje ya uzio, nikaenda nyumba ya tatu ambako wanapikia kuni, nikaomba majivu kwenye ndoo. Yule mama akaniuliza ya nini, nikasema ya kusugulia sufuria. Nikamwekea Lisebo ndoo kubwa tupu, ya kukalia, na majivu pembeni. Alikaa, akamaliza, akamwaga kopo moja, akanawa, akaenda kucheza. Ijumaa vilevile, mara tatu. Nilimtazama mara zote tatu, na mara zote tatu hakukosea.

Ijumaa mchana nilikwenda ofisini na fomu.

"Mwalimu, mtoto anajua choo. Kosa ni la majivu tu, kwao ndivyo wanavyofanya. Tukimpa muda ataacha."

"Muda gani?"

Nilifikiri ule mwaka na nusu wa Malisebo, kachuchumaa kwenye barafu. "Sijui," nikasema.

"Na mpaka aache, nimwekee choo chake peke yake? Mathuso, kuna watoto thelathini na moja kwenye orodha." Hakuwa mkali. Alikuwa amechoka, kola imelegea. "Sharti linasema anatumia choo mwenyewe, bila msaada na bila kuharibu. Kuna ndiyo, kuna hapana. Fomu haina mahali pa hadithi."

Kuhusu yale majivu niliyoyamwaga nyuma ya chumba cha kufulia, sikumwambia. Kwamba mama yake aliyaleta, akaniomba nusu tu, sikumwambia. Ulimi ulikuwa kinywani lakini sikuutumia. Ningeweza pia kuandika ndiyo, kalamu ilikuwa yangu. Niliogopa wasije wakasema nampendelea mtoto wa kaka yangu. Nikaweka alama kwenye hapana, nikatia sahihi, nikarudi kufua. Nilikuwa nasubiri nihisi kitu. Nilifua mashuka yote, na sikuhisi kitu.

Malisebo alifika saa tisa. Kanibebea mkate wa mvuke kwenye kitambaa, mzima, hakuugusa safari nzima. Akanipa kwa mikono miwili.

"Amelala vizuri?"

"Amelala."

"Amekula?"

"Amewashinda wenzake."

"Na chooni?"

Nikampa fomu. Yeye anasoma, alifika darasa la saba. Alisoma taratibu, kidole chini ya kila mstari, mpaka kidole kikasimama.

"Hapana," akasoma. "Lakini hakwenda?"

"Alikwenda."

"Peke yake?"

"Peke yake."

"Akanawa?"

"Akanawa, wifi. Kila mara."

"Sasa hapana ya nini?"

Nikamweleza. Bustani, udongo, vyoo vinne, bomba. Nilimweleza kwa ufupi. Alisikiliza akimtazama Lisebo, ambaye alikuwa ameshaona blanketi la mama yake na amekuja kushika pindo.

"Mlimnyima majivu," akasema.

Alisema mlimnyima, kana kwamba tulikuwa wengi pale nyuma ya chumba cha kufulia. Nilikuwa peke yangu. Hakupaza sauti, hakulia. Ningetaka apige kelele. Ningetaka aniite majina yote mabaya aliyonayo, kwa kuwa ningejua la kujibu. Alikunja fomu mara nne akaitia kifuani, akakusanya magauni, akamshika mtoto mkono. Mlangoni akakumbuka adabu, akanigeukia. "Mkate uule leo, wifi. Kesho utakauka."

Niliula wote nimesimama, bila chumvi, bila chai. Sijui kwa nini nakumbuka hilo.

Mwezi wa pili Lisebo alitimiza miaka kumi na moja, jina lake likakatwa kwenye orodha. Kitanda namba kumi na nne alipewa mvulana ambaye wiki yake ya majaribio alikaa mkavu kama jiwe. Niliandika ndiyo. Mpaka leo anakojoa kitandani kila usiku, na mimi ndiye ninayefua. Simchukii. Nafua tu.

Malisebo hakunisema kwa mtu. Kaka yangu hajui, mama yangu alikufa bila kujua. Nikienda Krismasi ananipikia ugali na mboga za majani, ananitania kama zamani kuhusu kichwa kigumu cha kwetu, na mimi nacheka panapostahili. Juzi nilijikaza nikamwambia, "Wifi, lile jambo la majivu lilikuwa langu mimi." Alikuwa anachambua maharage. Akasema, "Najua, Mathuso," akaendelea kuchambua.

Lisebo sasa ana miaka kumi na sita, ni mrefu kunishinda. Shule hakwenda tena. Siku nzima anakaa kwenye ukuta wa zizi karibu na choo, kopo lake mapajani, lilelile la mkono wa waya. Mtu akienda anashuka, anasimama nje ya blanketi, anangoja. Hamsumbui mtu. Ukitoka anaingia, anachungulia shimoni, na kama umesahau anakumwagia yeye.

Mimi sisahau. Lakini kila nikitoka nakuta ameshachota, amenishikia kopo limejaa pomoni, analinyoosha kwangu kwa mikono miwili na kunitazama usoni. Namwambia, "Nimeshamwaga, mwanangu." Haondoki. Basi napokea, narudi ndani, namwaga tena.